Kurasa za Kushoto

Kwa miaka thelathini na mmoja mkaguzi wa daraja la reli aliitwa Sikio, na hata mke wake, akikasirika, alimwita hivyo. Jina lilitokana na kazi. Daraja lilikuwa la chuma kitupu: sehemu tano za vyuma vya mshazari vilivyopishana na kufanya pembetatu, zimelala juu ya nguzo nne za mawe zilizosimama katikati ya mto. Vyote hivyo vilishikwa na ribiti, ile misumari minene yenye kichwa cha mviringo inayopigwa ikiwa bado ya moto. Kila Jumatatu na Alhamisi Sikio alipita juu yake na nyundo ndogo, akigonga ribiti moja moja na kutega sikio. Ribiti nzima hutoa mlio mkali. Iliyolegea hulia kama kopo lenye maji. Akiisikia hiyo, aliizungushia chaki, akaketi juu ya taruma, gogo linalobeba reli, akatoa daftari na kuandika.

Aliandika kwa mtindo ambao hakufundishwa na mtu. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa ubaya: kutu, ufa, nati iliyopotea, taruma lililooza. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa dawa: nani alikuja kutengeneza, siku gani, kwa kifaa gani, na yeye mwenyewe alipogonga tena alisikia nini. Ukurasa wa kulia ukiwa mtupu, hakutulia; aliwasumbua makao makuu kwa barua mpaka fundi aje. Stesheni masta, rafiki yake wa tangu ujanani, alimtania kwamba akifa watamzika na daftari lake.

"Nizikeni na nyundo pia," Sikio alimjibu. "Nikikuta jeneza lina msumari uliolegea nitakuandikia."

Mtoto walikuwa naye mmoja tu, binti. Kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa Sikio, baba yake hakuwahi kumwita kwa jina hilo; alimwita "mama" tangu yuko kwenye kanga za kubebewa. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Kila asubuhi Sikio alimpakia kwenye kiberenge, kile kigari kidogo cha wakaguzi kinachotembea relini, akamvusha. Njiani humo binti alijifunza kuhesabu, kwa kuhesabu vyuma vya mshazari. Alipokuja kupata shahada ya uhandisi na kuajiriwa makao makuu ya reli, majirani walianza kumwita mke wa Sikio Mama Mhandisi, na yeye akalivaa jina hilo kama nguo mpya.

Basi Jumapili moja binti alikuja kuwasalimu. Baada ya chakula akavuta kiti karibu na baba yake.

"Baba, mwaka kesho daraja linatimiza miaka mia. Wakubwa wanataka kitabu. Historia ya daraja na njia nzima, tangu siku ya kwanza. Nimewaambia hakuna anayeijua kama wewe."

"Mimi si mwandishi, mama."

"Umeandika miaka thelathini. Kama wewe si mwandishi, mwandishi ni nani?"

Sikio alicheka mpaka akakohoa. Mke wake, aliyekuwa akikusanya vyombo, hakucheka. Akaondoka na sahani zote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo si kawaida yake, na kijiko kikamwanguka mlangoni.

"Na yale madaftari yako nitayahitaji," binti akaongeza. "Yote. Tutapiga picha kurasa chache, kisha nitakurudishia mwenyewe mkononi."

Siku hiyohiyo Sikio alimfungashia madaftari sitini na mawili ndani ya maboksi mawili ya sabuni, akayafunga kwa kamba na kumbebea mpaka kwenye gari la kazini alilokuja nalo.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya raha kuliko yote aliyoikumbuka. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikaa kwenye meza ya jikoni na kuandika historia. Alianza na mambo aliyoyasikia kwa mkaguzi aliyemtangulia, ambaye naye aliyasikia kwa aliyemtangulia yeye. Kwamba vyuma vya daraja vililetwa vipande vipande, kila kipande kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na mvua ikafuta nusu ya namba, ikabidi mafundi walipange daraja chini, kwenye uwanja mkavu, ili wajue kipi kinaenda wapi. Kwamba nguzo ya tatu ilijengwa mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilizama mtoni pamoja na watu saba. Kwamba njia yote ilikuwa kilomita sitini, stesheni nne, na ilijengwa ili kutoa mawe ya chokaa machimboni. Abiria walikuja baadaye, wakining'inia kwenye mabehewa ya mawe mpaka reli ikaona haya na kuwaletea behewa lao.

Kisha akaandika aliyoyaona kwa macho yake. Aliandika mafuriko ya mwaka wake wa nne kazini, maji yalipofika kwenye mataruma na miti mizima ikawa inakuja kugonga nguzo. Stesheni masta wa wakati ule aliamuru treni ya mawe, mabehewa kumi na manane yaliyojaa, isukumwe mpaka juu ya daraja na kuachwa pale, ili uzito wake uzuie mto usiling'oe. Sikio alisimama juu yake saa kumi mfululizo, akisikiliza. Aliandika ajali ya behewa lililoacha reli na kupinda chuma cha wima. Na aliandika ufa. Miaka kumi na mmoja nyuma aliukuta kwenye boriti ya nne, mrefu kama mkono mpaka kiwiko. Alisimamisha treni kwa bendera yake mwenyewe bila kumwuliza mkubwa yeyote, njia ikafungwa siku kumi na tisa, likawekwa bamba jipya la chuma pande zote mbili. Ufa ule ndio uliokuwa fahari ya maisha yake. Aliuandika kwa urefu, bila kuficha hofu aliyokuwa nayo, kwa sababu alikuwa anamwandikia mwanawe.

Akamaliza, akampelekea kwa treni kupitia kwa gadi anayemwamini. Binti akapiga simu. "Nimepokea, baba. Umeandika vizuri mno." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Sikio alidhani ana mafua, akamwambia ajifunike.

Wiki sita baadaye stesheni ilibandikwa tangazo: mkutano wa wananchi kuhusu mustakabali wa njia ya reli, Alhamisi saa nane mchana, ukumbi wa abiria. Sikio aliona neno "mustakabali" akafurahi. Alidhani ndipo kitabu kitakapotajwa. Akapiga pasi shati jeupe.

"Usiende leo," mke wake alimwambia. "Jana ulichechemea."

"Nichechemee tu. Nitachechemea nikiwa ukumbini."

"Baba mtoto, nakuomba. Kaa nyumbani."

Alimtazama. Mke wake hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kuamuru. Lakini Sikio alikuwa ameshashika kofia.

Ukumbi wa abiria ulijaa mpaka dirisha la tiketi. Walikuwepo wapasua mawe wa machimboni, akina mama wenye vikapu vya mboga wanaovuka kila siku, walimu, wazee wa njia waliostaafu. Mbele iliwekwa meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mkurugenzi wa reli akaketi katikati, na kulia kwake akaketi binti wa Sikio. Hakuwaambia kama angekuja. Sikio alimpungia mkono. Yeye akainamia karatasi zake.

Mkurugenzi alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema shirika limefanya uchunguzi wa kina juu ya usalama wa daraja, na kwamba halikutegemea maneno ya watu wa nje. "Tumetumia kumbukumbu za mkaguzi mwenyewe, aliyelitunza kwa miaka thelathini na mmoja." Watu wakageuka kumtazama Sikio, stesheni masta akamgonga bega, na Sikio akatabasamu hadharani, tabasamu ambalo baadaye lilimchoma kuliko yote yaliyofuata.

Kwa sababu mkurugenzi akaanza kusoma.

"'Ribiti ishirini na sita zimelegea, sehemu ya pili. Mlio mbaya.' 'Nguzo ya tatu imeliwa na maji upande wa juu, mkono wangu unaingia.' 'Kutu imekula kiungo cha chini, chuma kinabanduka kama gome.' 'Leo nimekuta ufa boriti ya nne, urefu wa mkono hadi kiwiko. Nimeogopa. Nimefikiria watu waliopita juu yake asubuhi.'"

Akaendelea hivyo dakika kumi. Kila sentensi Sikio aliitambua. Alijua hata kalamu aliyoiandikia. Alikuwa akingoja ukurasa wa kulia. Ulipotajwa ufa akajiambia sasa wataletwa mafundi, sasa litakuja bamba, siku kumi na tisa. Mkurugenzi akageuza karatasi na kusoma ubaya mwingine. Hapo ndipo Sikio alipoelewa, polepole, kuanzia miguuni.

Akasimama. "Soma upande wa kulia."

"Samahani, mzee?"

"Daftari lina kurasa mbili. Umesoma za kushoto. Za kulia ndizo zinazosema tulifanya nini. Ribiti zile zilibadilishwa mwezi uleule. Nguzo ilijazwa zege. Boriti ya nne ndiyo ngumu kuliko zote hivi sasa."

Mkurugenzi akageukia meza. Binti akasema kitu kwa sauti ya chini. Mkurugenzi akatikisa kichwa kama daktari.

"Mzee wetu, tunakuheshimu sana. Naomba unijibu tu. Maneno haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Ufa ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, lakini..."

"Na uliogopa?"

Sikio hakuwahi kuandika uongo, na hakujua kuusema. "Niliogopa," alisema.

"Asante sana. Kaa, upumzishe mguu."

Ukumbi ulikuwa umeanza kunong'ona, na minong'ono ile haikumhusu mkurugenzi. Mwanamke mmoja muuza mboga, ambaye Sikio alimvusha mara nyingi kwa kiberenge alipokosa treni, alisimama na kikapu chake. "Sikio," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Miaka yote hiyo ulikuwa unajua? Na watoto wetu ukawa unawapungia bendera wapite?"

Alitaka kumjibu. Alimtazama binti yake, kwa sababu yeye alijua. Yeye mwenyewe siku zile kumi na tisa alikosa shule, akakaa kandokando ya reli na kuwatazama mafundi wakifunga lile bamba. Ingetosha aseme sentensi moja. Alikuwa ameshika kalamu, anaitoa kifuniko na kukirudisha.

Njia ilitangazwa kufungwa mwisho wa mwezi. Mawe yatasafirishwa kwa malori.

Sikio alifika nyumbani, akamkuta mke wake ameketi sebuleni, mikono juu ya mapaja, hana kazi yoyote anayoifanya. Akasimama mlangoni na kofia kichwani.

"Ulijua."

Mama Mhandisi hakumzungusha. "Alinieleza siku ile ya chakula, kabla hujarudi kutoka kuoga. Wahandisi wako wanne pale. Njia ikifungwa anabaki mmoja. Yule atakayeleta sababu ya kufunga ndiye atakayebaki."

"Ukaninyamazia miezi minne. Ukawa unanichongea penseli."

"Ni mtoto wangu."

"Na mimi ni nani?"

Sikio akavua kofia, akaitundika, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Asubuhi yake binti alikuja. Alilala nyumba ya wageni na wakubwa wake, na alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi la mawe. Alimkuta baba yake uani anaosha uso kwenye beseni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, wangeifunga tu. Walishaamua tangu mwaka jana. Kilichokosekana ni karatasi."

"Na karatasi ukaja kuichukua kwangu."

"Ningeitoa wapi? Njia nzima hakuna mtu mwingine anayeandika ukweli."

Sikio alijifuta uso taratibu, masikio, shingo. "Ungeniambia kwamba ndivyo ilivyo."

"Ungenipa?"

Alifikiri kwa haki. "Hapana."

"Sasa unaona."

"Naona. Hilo 'hapana' lilikuwa langu kulisema, na wewe ukaniibia. Umenivika kilemba cha ukoka. Kitabu, miaka mia, baba umeandika vizuri. Mimi nakuandikia hofu yangu, wewe unaikata vipande ukampe yule bwana asome mbele ya watu niliowavusha." Sauti yake haikupanda. "Nipe madaftari yangu."

Binti akatazama chini. "Yameshaingizwa masjala. Yana muhuri. Wanasema ni mali ya shirika."

"Uliniambia utanirudishia mkononi."

"Niliamini hivyo, baba."

"Haya." Akamwaga maji ya beseni. "Ingia ndani, mhandisi. Mama yako ameshatenga chai."

Hakuwahi kumwita hivyo. Binti alisimama pale uani kama mtu aliyefungiwa mlango, kisha akalia, na baba yake akapita kando yake kwenda kuanika taulo.

Kwa treni ya wiki ya mwisho Sikio alikwenda makao makuu kuyadai madaftari. Karani wa masjala alikuwa mtu mwema; alimletea maji na kiti. Akamweleza kwamba utaratibu unataka barua ya kuidhinisha, na anayeidhinisha ni mhandisi wa madaraja. Sikio alimwuliza ni nani siku hizi. Karani akalitaja jina, jina la mama mzazi wa Sikio, akashangaa kumwona mzee anaacha maji na kuondoka. Ghorofa yenye ofisi ya binti ilikuwa ngazi moja tu juu. Hakuipanda.

Treni ya mwisho ilivuka Ijumaa mchana. Stesheni masta alipeperusha bendera ya kijani, kisha akaingia ofisini na kujifungia. Watu walikuja kutazama. Wengine walimwamkia Sikio kama zamani, wengine walimwona wakatazama mto. Muuza mboga hakuja.

Miezi mitatu baadaye ikaja kampuni ya kukata chuma. Walikuwa watu ishirini na mitungi ya gesi, wakapiga mahema ukingoni, na msimamizi wao akatangaza kwamba ni kazi ya siku nane, kwa jinsi alivyoelezwa hali ya daraja. Siku ya nane walikuwa bado sehemu ya kwanza. Moto uliuma chuma kidogokidogo, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa cheupe na kizima ndani. Sikio, ambaye sasa hakuwa na kazi, alikwenda kukaa ukingoni kila siku. Mke wake alimwambia anajitesa. Alimjibu kwamba mgonjwa wa miaka thelathini haachwi akafa peke yake.

Wiki ya tano walifika boriti ya nne. Ilikula mitungi mitatu. Msimamizi alikuja chini, uso umeungua, akaketi karibu na mzee asiyemfahamu na kuomba maji.

"Mzee, hii kazi nimeifanya nchi nzima. Chuma kama hiki sijakiona. Kingebeba treni miaka hamsini mingine." Akanywa, akatema. "Ningependa kumwona huyo mjinga aliyesema kimechoka."

"Ni mimi," Sikio alisema.

Msimamizi alicheka, akidhani ni utani, na alipoona mwenzake hacheki akarudisha chupa, akanyanyuka.

Daraja lilikwisha baada ya siku arobaini na nne. Zilibaki nguzo nne za mawe, kwa sababu hakuna aliyetaka mawe. Malori yalianza kupita barabara ya mzunguko. Mvua ya kwanza ikaichimba, ya pili ikaikata. Machimbo yakapunguza watu nusu. Shule ya ng'ambo ikahamisha walimu. Stesheni masta akahamia kwa kaka yake na kuacha kuandika barua. Na muuza mboga, siku moja sokoni, alimwambia Sikio kwamba msimamizi wa wakata chuma alikula kwake siku zote zile, na alimweleza jinsi chuma kilivyokuwa kizima. "Nilikukosea mbele za watu," alisema. "Nitakuomba radhi mbele za watu." Na kweli aliomba, palepale, kwa sauti, mboga zikiwa mkononi. Sikio alimshukuru. Binti yake, aliyetakiwa kusikia hayo, hakuwepo.

Binti alibaki kazini mwaka mmoja na miezi miwili. Kisha shirika likaona kwamba pasipo njia za matawi hakuna haja ya mhandisi wa madaraja, naye akapewa barua fupi kuliko ile iliyomwajiri. Alimpigia mama yake. Mama Mhandisi alizungumza naye muda mrefu, akaja na simu mpaka uani, ameifunika kwa kiganja.

"Anauliza kama anaweza kuja kukaa nyumbani kidogo."

Sikio alikuwa anatengeneza mguu wa kiti. Kati yake na mke wake mambo yalikuwa yamerudi kwenye mstari, karibu yote. Walicheka tena, walilalamikiana juu ya chumvi. Lakini alikuwa ameacha kumsimulia mambo kabla hajayamaliza kuyafikiria, na mke alilijua hilo, na hakulidai.

"Chumba chake kipo," alisema. "Aje."

Alikwenda kumpokea mwenyewe kituo cha basi, kwa kuwa begi lilikuwa kubwa na njia ina mchanga. Binti alikuwa amekonda. Waliamkiana. Walitembea mpaka kwenye kona ya kanisa, binti akasimama.

"Baba, nilikuuza. Nimelisema hilo peke yangu mara nyingi. Nataka nikwambie wewe."

Sikio alihamisha begi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Alitaka sana kumpa kitu. Alijichunguza kwa uaminifu, kama alivyozoea kuchunguza vingine, akakuta upendo upo, wala haukupungua, na imani haipo.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Mimi bado sijafika. Sitaki nikudanganye."

"Sawa, baba."

"Twende. Mama yako ametoa shuka mpya, na akisubiri sana atazirudisha kabatini."

Binti alicheka kidogo, akalia kidogo. Wakaendelea kutembea, yeye nyuma hatua mbili, kwa sababu baba yake alikuwa anachechemea na hakutaka kumpita.